Kiti nilipewa, kukiendesha nimejifunza mwenyewe hapa Pemba

Assalaam alaykum jamani. Haya nayaandika kwa yule ambae yeye mwenyewe au mtu wake karudishwa nyumbani na kiti cha magurudumu, kaambiwa haya nendeni salama, na hajui aanzie wapi. Mie ni fundi cherehani, nakaa Chake Chake, miguu haifanyi kazi tokea gari ya abiria tuliyopanda ilipoacha njia ikaingia bondeni nikaumia uti wa mgongo. Ya wodini sitayasimulia maana kila mtu ana yake, ila ntasema hili, muda wote ule ukoo mzima ulikuwa na suali moja tu, atatembea au hatembei, hapakutokea mtu akauliza huyu akirudi atakalia nini na hicho kitu kitapita vipi mlangoni.

Kiti cha mwanzo kilikuwa cha msaada, Mwenyezi Mungu amlipe kheri alietoa, kaka yangu akakipokea bandarini Mkoani kwenye boti akakifunga juu ya gari mpaka nyumbani. Cheusi, cha kukunja, kitambaa cha reksini, vile vile vinavyokaa kwenye korido za hospitali. Mama alikipenda kwa upana wake, "Mwanangu humu utakaa raha, una nafasi." Na nafasi hiyo hiyo ndo iliyonitesa. Mie mwembamba na misuli ya kiunoni hainishiki, kwa hiyo nikikaa dakika chache tu naelemea upande, uzito wote unakwenda kwenye tako moja, na ili mikono ifikie magurudumu lazima niitanue sana, ikifika jioni mabega yanawaka moto.

Nilikwenda hivo hivo mpaka siku nilipovuka Unguja kwa miadi nikakutana na kijana wa mazoezi ya viungo, akatoa tepu ya kupimia mfukoni. Nikacheka, tepu ni chombo changu mie! Akanambia, "Dada, kiti kinapimwa kama nguo, wewe hapo umevaa gauni la mtu mwengine." Basi hapo nikaelewa kuliko maneno yote niliyoelezwa wodini. Upana wa kiti uwe upana wa nyonga zako na nafasi ya kupita kiganja tu kila upande, isizidi. Urefu wa kikalio, ukikaa umeegemea vizuri mpaka nyuma, kati ya ukingo wa mbele na pale nyuma ya goti vipite vidole viwili vitatu, ukiwa mrefu kuliko hivyo unakuvuta mbele unakaa umeteleza, na kukaa umeteleza ndo mwanzo wa vidonda. Pa kuwekea miguu pawe kiasi ambacho paja lote limelala juu ya mto, magoti yakipanda juu basi uzito wote umerudi matakoni, na chini yake ibaki kama sentimita 5 mpaka ardhini isije ikagonga mawe. Na haya yote yanapimwa mto ukiwa umeshawekwa, watu wanapima kwanza halafu wanaweka mto, mtu anapanda juu, vipimo vyote vinakuwa vya uongo.

Kiti chengine sikuwa na pesa nacho wakati ule (nilikuja kununua baadae sana, cha mtu alokwisha kukitumia, laki nne na kidogo, zote za kushona sare za skuli). Kwa hiyo kile kile kipana nilikirekebisha. Nilishona vimto viwili vya sponji ngumu nikavibana pembeni kushoto na kulia nafasi ikapungua, kaka akapandisha pa miguu kwa spana, na kile kitambaa cha kukalia ambacho kilishalegea kikawa kama bembea nikakitoa nikashona turubai mara mbili na mikanda minne chini yake. Gharama yake haikufika hata elfu thelathini. Nayasema haya kwa sababu najua wengi mnavyo viti vya msaada vilivyokuwa si saizi zenu na mnaona haya kulalamika kwa kuwa ni vya bure. Usilalamike, kirekebishe.

Sasa kidonda, na hapa ntakaa sana kwa sababu kwa walioumia mgongo kidonda hichi ndo kinachowaondoa wengi walioshasalimika na ajali yenyewe. Mie nilikuwa nakaa juu ya reksini na kanga iliyokunjwa, basi. Hisia sina, kwa hiyo si maumivu wala nini, nashona tokea baada ya chai mpaka adhuhuri sijanyanyuka. Mama ndie alieona siku ananiogesha, "Hapa pana nini mbona pamekuwa hivi?" Kilikuwa kidogo tu kwa nje, nesi alipokuja kukisafisha ndani shimo kubwa. Alinieleza kwamba nyama inabanwa kati ya mfupa na kiti, damu haipiti, inaanza kufa kule ndani karibu na mfupa halafu ndo inatokeza nje, kwa hiyo unachokiona wewe ni mwisho wa habari si mwanzo. Kile kidonda kilinilaza kifudifudi miezi, cherehani imefunikwa shuka, wateja wamekwenda kwengine, kila siku bandeji na gozi na nauli ya nesi. Pesa ile ningenunua mito ya kiti nikagawa mtaa mzima.

Kwa hiyo nifanyavyo sasa, kila dakika 15 mpaka 30 nauondoa uzito. Zamani nikijinyanyua kwa mikono sekunde mbili tatu nashuka, nilivoelezwa baadae ni kwamba hio haitoshi damu kurudi na tena inaua mabega, na sie mabega ndo miguu yetu. Bora uiname mbele kifua kiende mapajani au uweke viwiko juu ya meza ujiachie, kaa hivo kama dakika 2, au egemea upande mmoja halafu upande wa pili. Breki uwe umeshafunga lakini, usije ukainama kiti kikakimbia. Mie nimeweka alamu ya simu, jirani zangu wameshaizoea, ikilia tu wananambia "haya sujudu".

Asubuhi na usiku najiangalia kwa kioo cha mkono, matako, mfupa wa mkia, visigino, pale kiti kinapogusa mbavu. Watu wanasema tafuta wekundu, lakini kwa sie weusi hauonekani wekundu, panakuwa peusi zaidi au zambarau zambarau, ukipagusa pana joto au pamekuwa pagumu kuliko pembeni yake. Alama ikiwepo na ukalala bila kuikalia nusu saa nzima haijaondoka, basi usiikalie tena mpaka iondoke, hata kama kuna harusi. Najua nasema nini, kuna harusi ya binamu yangu niliisikilizia chumbani.

Na mto usinunue kipande cha godoro lolote ukaona umemaliza. Sponji laini tupu inabonyea yote ndani ya muda mchache unabaki unakalia kiti kile kile. Mie nimeweka ngumu chini na laini juu, gamu baina yake. Namna ya kuujaribu, kaa juu yake kisha mtu apitishe vidole chini ya mto pale penye mifupa ya kukalia, akiisikia mifupa inamgusa vidole, mto umekufa huo. Foronya shona ya pamba inayovutika, isiwe ya nailoni maana joto letu hili unatota jasho na ngozi iliyotota inachanika kirahisi, na mishono yote iwe pembeni, usiweke mshono wala zipu chini ya mtu. Kuukausha anika kivulini, jua linaila sponji.

Kabla sijasahau, moto. Nilikuwa nikitoa nguo kwenye pasi ya mkaa naiweka mapajani nikiikunja, na sinia la chai, na sufuria. Usifanye. Paja lisilosikia linaungua kimya kimya. Weka kibao baina yake au mwambie mtoto akupokee. Na kiti ukikiacha juani zile chuma zinakuwa moto wa kutosha kukuunguza, iguse kwanza kwa mkono kabla hujaukalisha mwili.

Tuje kwenye breki. Kuna siku nahamia kutoka kwenye kiti kwenda kitandani, breki nimefunga zote mbili, nimezisikia zimelia, na kiti kikateleza nyuma nikabaki chini sakafuni baina ya kiti na kitanda. Tukaona breki mbovu, kaka akakipeleka kwa fundi wa baskeli, mzee mmoja ambae tokea nikiwa skuli anatengeneza baskeli pale pale. Nikafuatana nae.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kina nini hichi?"

"Breki hazishiki mzee, zimeisha."

Akaminya tairi kwa kidole gumba akanitazama. "Breki hazina kitu. Mwanangu, hizi hazibani ringi kama za baskeli, zinabana mpira wenyewe. Mpira hauna upepo, breki itabana nini?"

Wallahi hapana mtu aliyenambia. Upepo ukipungua breki inagusa tu haishiki, na kiti kinakuwa kizito mara mbili unasukuma mpaka unatoa jasho ukidhani umedhoofika mwili. Sasa kila Ijumaa naminya matairi, kidole gumba kisizame, na pampu ya mkono ipo nyuma ya mlango. Ukitia upepo mpya angalia na breki vile vile, zinaweza zikawa ngumu mno kufunga, zilegeze kwa spana zirudi kidogo.

Na breki hizo ni za kusimamia, si za kupunguzia mwendo. Alieijua Chake anajua, huku kwetu hakuna njia ilolala, ni kupanda na kushuka. Ukiwa unashuka ukakaza breki ghafla kiti kinasimama na wewe unaendelea. Mwendo unaupunguza kwa viganja kwenye ile ringi ya nje ya kusukumia, unaiacha ipite mkononi polepole, mwili umeegemea nyuma, na uvae glavu, mie natumia zile za mafundi ujenzi nimezikata vidole. Kupanda unainama mbele, na usiwe umetundika kitu kizito kwenye mikono ya nyuma. Mfuko wa mihogo na ndizi ukiutundika nyuma, ukifika mlimani magurudumu ya mbele yananyanyuka, unaangalia mawingu. Weka mapajani au chini ya kikalio.

Mteremko ukiwa mkali na yupo mtu wa kukusaidia, shukeni kinyumenyume, yeye yuko chini yako anakuzuia kwa mwili. Ngazi ni tofauti na mteremko, kwenye ngazi mgongo wako uelekee juu siku zote, unapanda kwa kurudi nyuma, unashuka umetazama mbele, kiti kimelazwa nyuma juu ya magurudumu makubwa, mmoja yuko nyuma kashika mikono ya kusukumia, mwengine mbele chini kashika chuma. Chuma cha fremu, nakariri, si pa kuwekea mikono na si pa kuwekea miguu, hivo vinachomoka! Kuna safari ya boti, vijana wamechangamka, "dada usijali sie tunakupakia", kabla sijatia neno wameshanyanyua, mmoja kashika pa mkono. Pa mkono pakabaki mkononi mwake, mie na kiti tukaachana pale kwenye ubao. Nilichubuka kiwiko tu, alhamdulillah, bahari ilikuwa pale pale chini. Tokea siku ile hanyanyui mtu mpaka nizungumze mie kwanza, nasema subirini, wewe shika hapa, wewe hapa, tukinyanyua nahesabu mie. Wapo wanaoona najidai. Na waone hivo.

Wanawake wenzangu, baibui. Upindo wa baibui ukiingia kwenye spoku gurudumu linaula mpaka linakuvuta shingoni, na mtandio mrefu ndo khatari zaidi. Mie nguo naikalia pembeni zote mbili naipachika chini ya mapaja, mtandio naubana kwa pini mgongoni, na pembeni ya kiti pale palipokuwa wazi nimeweka vipande vya plastiki vilivyokatwa kwenye dumu la mafuta, vimetobolewa na kufungwa kwa waya. Si vizuri kuangalia lakini nguo haipiti.

Nyumbani palikuwa na vita vyake. Barza yetu iko juu kama sentimita 30, ami yangu fundi wa kujenga akaja kwa moyo mmoja akamwaga zege la kupitia kiti, urefu wake haukufika mita moja. Nikamwambia "Ami, hii si njia, hii ukuta uliolala." Akacheka akabomoa. Kipimo kinachotumika ni kila sentimita 1 ya kimo uipe sentimita 12 za urefu, kwa hiyo sentimita 30 zinataka mita 3 na nusu na zaidi. Uwanja hautoshi, tukaikunja kona, pale kwenye kona pako sawasawa pa kupumzikia na kugeukia. Juu yake alipitisha fagio la chelewa zege likiwa bichi ili pasiteleze mvua ikinyesha, na pembeni kaweka ukingo mdogo gurudumu lisichupe. Choo mlango ulikuwa mwembamba kuliko kiti, tukaung'oa tukatundika pazia, kazi kwisha.

Kuhama kutoka kwenye kiti pia kuna siri ndogo. Kabla ya kufunga breki narudi nyuma kidogo, yale magurudumu madogo ya mbele yanageuka yanaelekea mbele, hapo kiti kinasimama imara ukiinama hakipinduki. Miguu shusha chini kwanza, wala usiweke uzito kwenye pa kuwekea miguu, kiti chote kitakuja juu yako.

Mchanga ndo adui wa hayo magurudumu madogo, yanazama. Ama ugeuke mtu akuvute kinyumenyume, ama yanyanyuliwe mbele uende kwa makubwa peke yake. Viti vya kukunja vimetengenezwa kwa sakafu, kwa wanaoishi shamba kile kirefu chenye gurudumu moja mbele ni bora mara nyingi zaidi, tabu yake ndani ya nyumba hakigeuki. Ukiulizwa unataka kipi, fikiri unashinda wapi.

Matengenezo yenyewe hayana elimu kubwa. Chumvi inakula chuma hata kama hujafika pwani, hewa yetu tu inatosha, kwa hiyo nikipita kwenye maji ya bahari au tope la masika nafuta kwa kitambaa na maji ya bomba, nakausha, kisha tone la mafuta ya cherehani kwenye maungio. Usitie mafuta ya nazi wala ya kupikia, yanashika mchanga yanakuwa gundi. Na usikipige maji ya mpira kwenye gololi za magurudumu, maji yanaingia ndani grisi inatoka. Magurudumu ya mbele kwangu mie yanajaa nyuzi, kila wiki nazikata kwa kiwembe, nyumba nyengine ni nywele, zikikaa sana gurudumu linakataa kuzunguka na kiti kinavuta upande. Spoku nazipitishia kidole moja moja, iliolegea unaijua kwa mlio, mpelekee fundi akaze mapema, ikiachwa inakatika halafu zinafuatana. Nati zote napita kwa spana mwisho wa mwezi, spana namba 10 na 13 zinanitosha kwa hichi changu.

Jambo la mwisho, tairi, maana hili limewasumbua wengi. Tairi za viti vingi ni inchi 24 na baskeli za watoto nazo zipo inchi 24, ukienda dukani ukisema 24 unapewa ya baskeli na haiingii. Angalia ubavuni mwa tairi, la kiti mara nyingi limeandikwa 37-540, la baskeli ni 507 mwishoni. Hiyo namba ya mwisho ndo lazima ifanane. Hapa Chake si kila mara zinapatikana, mie nampa picha ya namba mtu anaekwenda Unguja anitafutie sokoni Darajani, nanunua tyubu mbili kwa mpigo, moja inakaa mfukoni chini ya kiti pamoja na spana, kiraka na glavu.